Zawadi ya kumfaa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji

INAPOGONGA saa saba mchana, malango ya hospitali nyingi za umma nchini hufunguliwa, na jamaa na marafiki humiminika wodini kuwajulia hali wagonjwa wao. Mikononi huwa wamebeba mikate, ndizi mbivu, maziwa ya pakiti, sharubati za chupa na mikebe ya glukosi. Nusu saa baadaye kikabati kilicho kando ya kitanda huwa kimefurika, ilhali mwenyewe, aliyepasuliwa tumbo usiku wa kuamkia siku hiyo, hajaruhusiwa hata kuonja.

Wageni wakishaondoka, vyakula hivyo huishia kwa mgonjwa wa kitanda jirani, kwa anayemuuguza au katika pipa la taka. Hakuna aliyekosea kwa nia. Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi, na ni desturi ya jamii nyingi nchini kutomwendea mgonjwa bila chochote. Tatizo ni kuwa wengi wetu huchagua zawadi kwa kutazama kinachouzwa langoni mwa hospitali, badala ya kutazama hali ya anayepelekewa.

Yupo njia rahisi zaidi ya kuchagua yule ajiulizaye swali moja kabla ya kufungua mkoba: Je, upasuaji huu umemnyima mtu huyu nini, na kwa muda gani? Huenda umemnyima kula, kuinama, kunyanyua mzigo, kuchuchumaa, kulala usingizi au kwenda kazini. Zawadi inayoziba pengo hilo humfaa, hata ikiwa ya bei ya chini. Isiyoliziba hubaki kuwa pambo, na nyingine humdhuru.

Jeraha hupona vipi?

Aliyepasuliwa hutofautiana na mgonjwa wa malaria ambaye hunywa dawa na kuanza kupata nguvu baada ya siku chache. Ngozi na misuli yake imekatwa, kisha ikashonwa. Katika siku nne hadi sita za kwanza, mwili hujishughulisha na kulisafisha jeraha, na ndiyo sababu mahali hapo huuma na kuvimba kidogo. Baadaye mwili hujenga nyama mpya kwa wiki kadhaa. Kazi ya kulikaza kovu huweza kuendelea kwa mwaka mzima au zaidi, na hata hapo kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu za ngozi ya awali.

Kwa hivyo, nyuzi zinapotolewa baada ya wiki moja au mbili, watu nyumbani hudhani kuwa mgonjwa amepona. La hasha. Ngozi imefunga, lakini misuli iliyo chini yake bado ni dhaifu. Wengi waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji na waliotibiwa ngiri, hushauriwa wasinyanyue vitu vizito kwa muda wa wiki nne hadi sita. Ni katika wiki hizo, wageni wakiwa wamekwisha kutoweka, ambapo zawadi huhitajika zaidi.

Uliza kabla ya kupika

Zawadi ya kwanza ambayo humjia mtu akilini ni chakula. Si vibaya, ila kabla ya kuiteka supu jikoni, mpigie simu anayemuuguza na umuulize mgonjwa ameruhusiwa nini. Siku hizi madaktari wengi huwaruhusu wagonjwa kula mapema kuliko ilivyokuwa zamani. Hata hivyo, aliyekatwa na kuunganishwa utumbo huenda akazuiwa kwa muda, akaanzishiwa maji, kisha uji mwepesi, ndipo apewe chakula kigumu. Bakuli la pilau analoletewa kwa mapenzi katika kipindi hicho laweza kumletea matapishi na maumivu makali.

Pindi anaporuhusiwa kula, mwili wake huhitaji protini kwa wingi ili kujenga nyama mpya. Hapana haja ya vyakula vya mikebe vyenye majina ya kifahari. Mayai, samaki, omena, kuku, maziwa, maharagwe na ndengu hutosha. Mwili huhitaji vilevile vitamini C, ambayo hutumika kuunda nyuzinyuzi zinazoushikilia mshono kwa ndani. Machungwa yana vitamini hiyo, lakini pera, tunda linalodharauliwa na kuachiwa watoto vichakani, lina nyingi zaidi.

Tatizo jingine ambalo wagonjwa huona haya kulitaja ni uyabisi wa tumbo. Baadhi ya dawa kali za maumivu, pamoja na kulala kitandani muda mrefu, hufanya choo kuwa kigumu, na kujikamua huuma mshono. Papai lililoiva, mboga za majani na maji safi ya kunywa humsaidia sana yule ambaye daktari hajamzuia. Atakayemletea papai badala ya pakiti mbili za biskuti atakumbukwa kwa wema.

Aidha, kuna maradhi yanayogeuza chakula kizuri kuwa sumu. Mwenye kisukari hafai kurundikiwa glukosi na sharubati za dukani, kwani sukari inapopanda damuni jeraha huchelewa kupona na hupata viini kwa urahisi. Aliye na ugonjwa wa figo huenda amekatazwa ndizi, machungwa na madafu kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo. Aliyetolewa kifuko cha nyongo huweza kusumbuliwa na vyakula vya mafuta mengi katika wiki za mwanzo.

Naye aliyewekewa vali ya bandia ya chuma moyoni hutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mboga za majani kama sukuma wiki na mchicha zina vitamini K inayopunguza nguvu za dawa hiyo. Mgonjwa huyo hakatazwi mboga, bali hutakiwa kula kiasi kisichobadilikabadilika. Jirani anayemletea kapu la mboga na kumhimiza azimalize kwa siku mbili humwingiza hatarini bila kujua.

Vitu vidogo, faida kubwa

Zipo zawadi za wodini zisizo chakula. Mojawapo ni mto mdogo ulio mgumu kiasi. Aliyepasuliwa tumbo au kifua huogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu, ilhali kukohoa na kuvuta pumzi kwa kina humkinga dhidi ya homa ya mapafu. Akiukumbatia mto na kuubana juu ya mshono anapokohoa, maumivu hupungua. Mto huohuo humfaa garini siku ya kurudi nyumbani, wakati matatu inaporuka matuta.

Nguo pia huhitaji kufikiriwa. Mwanamke aliyepasuliwa tumbo hawezi kuvaa sketi yenye mpira kiunoni, kwa kuwa mpira huo hukaa juu ya kidonda. Dera pana au leso mbili humstahi na kumpa raha. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi, bega au mkono hawezi kuinua mkono kupitisha nguo kichwani. Huyo mnunulie shati au gauni linalofunguka mbele. Aliyefungwa plasta ngumu mguuni baada ya ajali ya bodaboda atahitaji kaptura pana, wala si suruali mpya ya kumbana.

Ndara zisizoteleza ni zawadi nyingine ya thamani. Wauguzi humtaka mgonjwa aanze kutembea mapema, mara nyingi siku inayofuata upasuaji, ili damu isigande miguuni. Sakafu za wodi hupigwa deki na huwa na majimaji. Kuteleza kukitokea, yote yaliyoshonwa huweza kuharibika. Ongeza hapo themosi ya maji moto, waya mrefu wa kuchajia simu na redio ndogo yenye visikizio, nawe utakuwa umemtosheleza kwa vitu ambavyo wengi husahau.

Maua je? Kenya ni miongoni mwa mataifa yanayouza maua kwa wingi Ulaya, na shada la waridi kutoka Naivasha hupendeza macho. Hata hivyo, hospitali nyingi haziruhusu maua katika vyumba vya wagonjwa mahututi na vya walioungua, kwa kuwa maji ya chombo cha maua huweza kuhifadhi viini. Wayangoje nyumbani.

Damu haiuzwi dukani

Iwapo mgonjwa alipoteza damu nyingi, au anangojea upasuaji wa pili, hakuna zawadi ipitayo painti ya damu. Damu haitengenezwi kiwandani na haihifadhiki milele. Chembechembe nyekundu hudumu kati ya siku 35 na 42 tu katika jokofu. Ndiyo maana familia nyingi huombwa na hospitali zilete watu wa kutoa damu kufidia iliyotumika.

Mwenye afya njema, aliye na umri wa kati ya miaka 16 na 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa damu baada ya kupimwa. Kwa kawaida mwanamume hukaa angalau miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi minne. Si lazima damu yako ioane na ya mgonjwa wako. Ikipelekwa katika hazina, itamfaa mwingine, naye wako atapewa iliyotolewa na mtu asiyemjua.

Bahasha isiyo na kelele

Wapo wanaoona haya kutoa pesa, wakidhani kuwa fedha si zawadi ya heshima. Ukweli ni kuwa kwa familia nyingi maumivu ya bili hushinda maumivu ya kisu. Mnamo Septemba 2015, Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi jijini Nairobi kwa kukosa kulipa ada kulikiuka haki zao. Lakini uamuzi wa mahakama haumlipii mtu deni. Bima nayo husaidia, iwe ni enzi ya NHIF iliyoanzishwa mwaka wa 1966 au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024, ila haigharimii kila kitu. Hailipi nauli ya bodaboda, sabuni, wala mshahara wa kibarua ambaye hakwenda kazini.

Pesa zitolewe kwa staha. Usimtangazie mgonjwa mbele ya wodi nzima kiasi ulicholeta. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, hata jamaa aliye ughaibuni aweza kutuma mchango wake kimyakimya. Ni vyema kutaja kazi ya fedha hizo: za kubadilishia bendeji, za dawa, au za teksi ya siku ya kliniki. Pesa zenye kazi maalumu hazimwoneshi mpokeaji kuwa ombaomba. Na zikiwa chache, usivunjike moyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wiki sita za maji na kuni

Tuseme mama amejifungua kwa upasuaji na amerudi kijijini. Ameambiwa asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Lakini kisima kiko bondeni, na mtungi wa lita 20 za maji una uzito wa kilo 20. Nani atauteka? Ikiwa mumewe yuko mjini na watoto wangali wadogo, atauteka yeye mwenyewe ifikapo siku ya kumi, apende asipende.

Hapa ndipo jirani anapoweza kutoa zawadi ambayo hakuna duka liuzalo: mitungi miwili ya maji kila asubuhi kwa wiki sita. Mwingine atapasua kuni, wa tatu atafua nguo, wa nne atawapeleka watoto shuleni. Vyama vya akina mama, ambavyo vimezoea kuchangisha kwa ajili ya sherehe, vyaweza kupanga zamu ya kazi hizi bila gharama yoyote. La muhimu ni kutaja siku na kazi. Anayesema, “Ukihitaji chochote niambie,” humwachia mgonjwa mzigo wa kuomba, naye mgonjwa mwungwana haombi. Anayesema, “Nitakuletea maji Jumanne na Alhamisi,” huwa amekwisha kutoa.

Mzee aliyetolewa mtoto wa jicho naye anahitaji nini? Haruhusiwi kuinama sana, kubeba mizigo wala kuingiza maji machafu jichoni. Aghalabu huagizwa atiwe dawa ya matone mara kadhaa kwa siku kwa majuma kadhaa. Mkono wake ukitetemeka, tone humwagika shavuni. Mjukuu atakayefika kwa saa zilizopangwa kumtia dawa, akiwa amenawa mikono, humpa babu yake macho.

Aliyewekewa nyonga ya bandia au kuungwa mfupa wa paja hukabiliwa na tatizo ambalo wageni hawalifikirii: choo cha shimo. Hawezi kuchuchumaa, na mara nyingi amekatazwa kabisa kuikunja nyonga hivyo. Fundi wa jua kali aweza kutengeneza kiti imara cha mbao chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, na kipande cha mti cha kushikilia ukutani. Zawadi hiyo haifungwi kwa karatasi ya kumetameta, lakini humrejeshea mtu mzima heshima yake.

Zawadi za kuepukwa

Usimpelekee mgonjwa dawa zilizokufaa wewe. Baadhi ya vidonge vya maumivu huongeza uwezekano wa kutoka damu au hudhuru figo. Dawa za miti shamba nazo, za kunywa au za kupaka jerahani, zisitumiwe bila daktari kufahamishwa. Kwa wanaotumia metronidazoli, ambayo wengi huijua kama Flagyl, hushauriwa wajiepushe na pombe. Chupa ya mvinyo ya kumpongeza kwa kunusurika ingoje. Sigara nayo huchelewesha jeraha kupona.

Zawadi nyingine mbaya ni viini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka wa 2016, asilimia 11 ya wanaofanyiwa upasuaji katika nchi za mapato ya chini na ya wastani hupata maambukizi. Barani Afrika, hadi asilimia 20 ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji hupatwa na maambukizi ya kidonda. Nawa mikono kabla ya kumsalimu. Usiketi kitandani, wala usifunue bendeji eti uone mshono ulivyo. Ukiwa na mafua, tuma salamu.

Vilevile, usimwibie usingizi. Ziara ya robo saa hutosha. Hadithi za fulani aliyepasuliwa kama yeye akafariki zibaki kinywani mwako.

Badala yake, tumia macho yako. Ukimkuta ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kinatoa usaha au harufu mbaya, wekundu unatambaa, mguu mmoja umevimba na kuuma, au anapumua kwa shida, mhimize arudi hospitalini siku hiyohiyo na umtafutie gari. Wengi huvumilia kwa kuogopa gharama, hadi hali inapokuwa mbaya.

Usimsahau anayeuguza

Mwisho, kuna mtu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda tangu siku ya kwanza. Hakupasuliwa, lakini hajalala. Ndiye anayefua nguo, anayesukumana kwenye foleni za dawa na malipo, na anayewasimulia wageni wote habari ile ile. Waswahili humwambia, “Pole kwa kuuguza,” na wasiishie hapo. Mletee naye sahani ya chakula. Mwambie akaoge na kulala, nawe ukae badala yake usiku mmoja. Mgonjwa aonapo mlezi wake amepumzika, hupungukiwa na wasiwasi wa kuwa amekuwa mzigo.

Basi mara nyingine utakapokuwa njiani kwenda kumtazama aliyetoka chumba cha upasuaji, usisimame langoni kununua mkate kwa mazoea. Piga simu kwanza. Uliza amekatazwa nini na atakosa nini akirudi nyumbani. Kisha weka alama kwenye kalenda, wiki ya tatu, wakati simu za pole zimekoma na mtungi ungali mtupu. Siku hiyo ndiyo ya kubisha hodi.